Hori la Fenda Mbili

Ibadakuli, Shinyanga
3 Februari 2024

Ndugu yangu Ndaki,

Mwangaluka. Usishangae kupata barua. Simu yangu anaishika binti yangu Eunice, maana masikio yangu yamekwisha kabisa. Nyundo imeyala miaka yote hiyo, na eksozi ya gari lako isiyo na sailensa ikamalizia. Mtu akinipigia namwona Eunice anazungumza, anacheka, anauliza, kisha ananigeukia: "Anakusalimia." Nusu saa nzima ya maneno, mimi napewa "anakusalimia". Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na wewe utanijibu kwa kalamu. Mpe dereva wa basi huko Katoro, Eunice ataifuata stendi.

Kuna bwana mmoja wa Mwanza, anaitwa Herman, anakusanya magari ya mashindano ya zamani. Amekuja mpaka uani kwangu kuulizia lile Datsun letu, Mbogo. Anasema aliliona pale Tinde akiwa mtoto, amekaa mabegani kwa baba yake, ukapita ukamjaza vumbi mdomoni. Hajawahi kuona tena, anasema, gari dogo lenye mabega mapana vile.

Ndaki, nilikaribia kumkumbatia. Wewe ulikuwa unaendesha na watu wakaimba jina lako, lakini yale mabega niliyatoa mimi. Datsun ilitoka kiwandani nyembamba kama dereva wake. Nikakata fenda zote nne, nikazipanua kwa kugonga bati juu ya gogo na mfuko wa mchanga, siku nyingi, mpaka matairi mapana yakaingia yakatulia. Milango nikaipunguza uzito, boneti nikalitengeneza upya, ndani nikasuka mabomba ili ukipinduka usife. Ukapinduka njia ya Kagongwa, hukufa. Asante sijaisikia mpaka leo, na sasa hata ukisema sitaisikia.

Herman anataka bodi tu, injini atatafuta. Anataka niinyooshe kwa mikono hii hii kabla haijaanza kutetemeka. Wateja wa siku hizi wanaleta gari asubuhi, wanataka limepulizwa rangi jioni. Mimi nimebakiwa na kazi moja ninayotaka watu waione nikiwa hai, nayo ipo kwako chini ya turubai. Niambie hali yake. Kutu imefika wapi?

Msalimie dada yako, Mama Generosa. Mwambie ugali aliokuwa anatufungia siku za mashindano bado naukumbuka.

Wako,
Donatus

———

Katoro, Geita
15 Februari 2024

Kaka Donatus, shikamoo.

Barua yako imenifurahisha sana, nimewasomea watu wa hapa nyumbani wote. Dada Mageni amecheka ile ya ugali, anasema wewe ulikuwa unakula fungu lako na la kwangu.

Sisi huku wazima. Mvua ni nzuri, mahindi yamesimama. Mbuzi wamezaa sana mwaka huu, wengine mapacha. Karasha langu la kusagia mawe ya dhahabu linafanya kazi, ingawa vijana wachimbaji wa maduarani siku hizi wanaleta mawe matupu halafu wanalaumu mashine.

Kuhusu gari, lipo. Ila si wakati mzuri wa kuja. Njia ya kuingia kwetu imekatika kwa mvua, hata pikipiki zinashukwa zinasukumwa. Mwambie huyo bwana Herman avute subira mpaka kiangazi. Tutazungumza.

Wasalimie wote, hasa Eunice.

Mdogo wako,
Ndaki

———

Ibadakuli
24 Februari 2024

Ndaki,

Marahaba. Unajibu kama mtu anayegombea udiwani. Nimekuuliza kutu, umenijibu mbuzi.

Njia mbovu usinitishe nayo, mimi ndiye niliyekuwa nachomelea lile gari kila ulipotoka kwenye njia mbovu. Herman ana fuso na winchi. Tunakuja tarehe 16 Machi, Jumamosi. Andaa watu wa kusukuma, na mwambie Mama Generosa aandae fungu langu na la kwako.

Nimeshanunua bati la kuzibia sakafu. Nimenoa patasi zangu. Eunice anasema napiga mluzi nikifanya kazi, jambo ambalo mimi mwenyewe sina habari nalo.

Donatus

———

Katoro
6 Machi 2024

Kaka Donatus, shikamoo tena.

Msije. Nakuomba kwa heshima yako, msije.

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Gari halipo. Yaani lipo, lakini halipo kama gari. Injini unajua niliitoa zamani ikaendesha karasha la kwanza, hilo nilikuambia ukanuna ukasamehe. Bodi ilibaki imekaa uani. Kuku wakatagia kwenye viti, nyoka akaingia, watoto wakaogopa kupita. Halafu maisha yakabana. Paa nikalikata, limefunika banda la kuku. Mlango mmoja ni mlango wa jiko. Boneti lipo mwaloni, tunakooshea dhahabu, tunapitishia matope ya dhahabu juu yake, na vijana wanalisifu kwamba limekaa sawa kabisa, halina bonde. Yale mabomba ya ndani ni nguzo za zizi.

Fenda za nyuma, zile pana, ndizo nilizozitunza vizuri kuliko vyote. Nilizigeuza chali, nikamwambia mchomeleaji aziunganishe, zimekuwa hori la chumvi la ng'ombe. Huwezi kupata hori zuri kama hilo dukani. Ni refu, halipinduki, ng'ombe wanazunguka pande zote. Na usidhani nilifanya ovyo ovyo. Najua rangi ya gari si ya kulambwa. Kabla ya Krismasi nilikaa na brashi ya waya, nikasugua ndani yake rangi yote na ile lami uliyopaka, mpaka pakang'aa peupe. Nilisema, kaka Donatus akiiona hii atafurahi kwamba angalau imekaa kwa heshima.

Samahani, kaka. Nilishindwa kukuambia, nikakutajia mbuzi.

Na huku tupo kwenye matatizo pia. Ng'ombe wanakufa. Wanapofuka kwanza, wanasaga meno, wanazunguka zunguka, wanakwenda kusukuma vichwa kwenye ua kama wanataka kupita, halafu wanaanguka. Mtaalamu wa mifugo amechoma sindano, bado wanakufa. Watu wameanza kusema maneno. Tuombee.

Ndaki

———

Ibadakuli
12 Machi 2024

Ndaki,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa chini, Eunice akaniletea maji akidhani nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo, ni msiba.

Boneti langu linapitishiwa matope! Mlango jikoni! Ningekuta umeliuza nisingesema kitu, angalau lingekuwa gari mahali fulani. Wewe umelichinja ukagawa nyama. Mtu uliyekaa ndani yake, likakuokoa na mauti, unaweza kuchukua msumeno ukaanza kukata paa lake? Nimempigisha Eunice simu kwa Herman, nimemwambia gari liliungua moto. Nimedanganya uzeeni kwa ajili yako, maana nimeona aibu kusema kweli.

Unaniambia habari za hori, unataka nikusifu. Sitakusifu. Na ng'ombe wako wakifa, wafe. Pengine na wenyewe wameona haya.

Usiniandikie tena. Fenda zangu zilizobaki zing'oe, zitie kwenye gunia, nitumie kwa basi. Nizizike mwenyewe.

Donatus

———

Katoro
27 Machi 2024

Baba Eunice,

Habari za siku nyingi. Ni mimi Mageni, Mama Generosa, dada yake Ndaki. Mwandiko wangu ni wa elimu ya watu wazima, utanivumilia. Nakuandikia bila Ndaki kujua. Barua yako ya hasira niliiona, na mimi nakuomba uiweke hasira pembeni kidogo, kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia ambaye Ndaki anamsikiliza.

Ng'ombe zaidi ya nusu wamekufa. Wanakufa vibaya. Ndama wa yule mwekundu alikuja kwangu amepofuka akawa ananitafuta kwa pua. Ndaki alikwenda akamleta mganga, akakaa hapa, akala, akauliza nani anawagusa ng'ombe hawa. Mimi ndiye ninayewagusa. Tangu nifiwe na mume wangu nikarudi hapa kwa baba, kazi yangu ni kukamua asubuhi na kuwamwagia chumvi na magadi horini jioni. Mganga akauliza tena, wale walio upande wa pili, kwa mdogo wetu, wanaumwa? Hawaumwi. Nani anawapa chumvi wale? Wanapewa na watoto, chini kwenye jiwe. Basi hakusema jina. Aliniangalia tu macho yangu, haya yaliyoiva kwa moshi, na watu wote wakageuka wakaniangalia.

Sasa wanawake hawaji kuomba moto kwangu, na nikienda kuomba kwao wananinyima. Nikisalimia sijibiwi. Unajua mwanamke mzee wa macho mekundu akishatajwa uchawi huku kwetu kinachofuata ni nini. Mapanga hayapigi hodi.

Nataka kukueleza jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimeanza kujiogopa. Kweli, wanaokufa ni wale ninaowapa mimi. Nilijaribu. Niliacha siku nne kuwapa chumvi, nikajidai naumwa, na wawili waliokuwa wameanza kusaga meno wakatulia. Nikaanza tena, wakaanza tena. Nakaa naitazama mikono yangu, Baba Eunice. Inawezekana mtu akawa na kitu mikononi asichokijua?

Mwandikie Ndaki. Mwambie unanijua. Mwambie mimi siyo.

Mageni

———

Ibadakuli
2 Aprili 2024

Ndaki, soma hii umesimama hapo hapo ulipo.

Barua ya dada yako imechelewa kwa ajili ya Pasaka, mabasi yalijaa, nimeipata leo asubuhi. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilipofika pale kwenye hori nilipiga kelele, Eunice akaja mbio.

Ni fenda. Ni fenda zangu. Unakumbuka mawe yanayorushwa na matairi yalivyokuwa yanapasua mshono kwa ndani kila shindano? Nilikomesha vipi? Niliyeyusha madini ya risasi, yale ya lehemu, nikayamimina kwa ndani, nikayalainisha kwa ubao na mafuta ya ng'ombe, unene wa kidole, mshono wote, halafu nikafunika kwa lami na rangi. Fundi aliyenifundisha alifanya hivyo, na mimi nikafanya. Hukuwa unajua kwa sababu sikukuonyesha, nilitaka uone mabega tu. Sasa wewe umekaa na brashi ya waya ukaondoa lami na rangi, ukadhani unaondoa sumu. Umeifunua. Ule weupe uliokufurahisha si bati, ndiyo risasi yenyewe. Na juu yake mnamwaga chumvi na magadi, ng'ombe wanailamba kila jioni. Sumu ile inapofusha, inaharibu akili ya mnyama. Mafundi wenzangu wawili iliwala mishipa ya mikono, nami niliiacha kwa sababu hiyo.

Dada yako hana kitu mikononi. Unasikia? Hana kitu.

Uliniambia habari za hori mwezi uliopita, zikiwa zimeandikwa wazi, na mimi nikalia boneti. Nikaandika ng'ombe wafe. Mungu anisamehe.

Eunice amekupigia simu sasa hivi nikiwa namtazama mdomo. Amesema umejibu kwamba baba yake amezeeka, na kwamba mambo ya kwenu mnayamaliza wenyewe. Ndaki! Chukua msumari ukwaruze pale panapong'aa. Bati halikwaruziki hivyo. Washa moto chini yake uone kama hayatadondoka matone. Ondoa hori lile zizini leo. Watoto wasinywe maziwa. Na mtu yeyote asimguse Mama Generosa.

Barua hii anakuja nayo dereva wa mchana. Mimi napanda basi la kesho na mtungi wangu wa gesi.

Donatus

———

Katoro
14 Aprili 2024

Kaka Donatus, shikamoo.

Nakuandikia yale ambayo ulikuwepo lakini hukuyasikia.

Ulipowasha gesi yako mbele ya wazee, mganga alikuwa anasema kwa sauti kwamba fundi wa magari hana habari za ng'ombe, na watu walikuwa wanamwitikia. Wewe hukusikia, ukaendelea. Moto ulipogusa pale ndani na yale madini yakaanza kutoa jasho, halafu yakashuka, yakadondoka mchangani yanang'aa, mtu wa kwanza kusema alikuwa mzee Marwa. Alisema, "Yesu wangu." Basi. Uliinua macho ukatutazama kana kwamba unasubiri tubishe. Mama mmoja nyuma akaanza kulia, akasema, "Na sisi tulimnyima moto." Mganga alikuwa ameshaondoka, hatukumwona alivyoondoka.

Mtaalamu wa mifugo amepeleka vipande vya ini maabara, majibu yamekuja kama ulivyosema. Watoto wamepimwa, wawili wanapewa dawa, wataendelea vizuri. Hori tumelifukia mbali, mahali pasipo maji, kama ulivyoelekeza.

Uliniuliza siku ile dada yuko wapi, ukauliza mara nyingi, na mimi nikawa natikisa kichwa. Nilishindwa kuandika kwenye kile kikaratasi ulichonipa. Naandika sasa. Eunice aliponipigia simu, nilikuwa nimeshamaliza kung'oa bati la mwisho la nyumba yake. Hivyo ndivyo huku kwetu mtu anavyoambiwa aondoke bila kuambiwa. Mganga alisema nikifanya mimi mwenyewe, ndugu wa damu, hapatamwagika damu. Nilidhani namwokoa na mapanga, kaka. Ndivyo nilivyojiambia. Sikumtamkia neno baya. Aliingia ndani kwenye nyumba isiyo na paa, akafunga kanga zake, akaondoka na mvua. Barua yako ilinikuta nimekaa, niliiweka mfukoni sikuifungua. Wewe ulikuja kesho yake.

Yuko Tinde kwa binti yake Generosa. Simu hapokei. Wewe upo karibu na Tinde. Nimeweka humu ndani barua yake, nakuomba umpelekee kwa mkono wako. Nimemwandikia kwamba wazee wamemsafisha mbele ya kijiji kizima, kwamba tutachinja mbuzi, kwamba bati zake nimezirudisha zote na kuongeza mpya, na nyumba inamsubiri. Mwambie na wewe. Wewe anakuheshimu.

Tangu uondoke silali vizuri. Wabeja, kaka, kwa kuja. Nisingekuja mimi kama ningekuwa wewe.

Ndaki

———

Ibadakuli
21 Aprili 2024

Ndaki,

Nimerudi kutoka Tinde jana. Barua yako nimempa mkononi. Nilikaa kwenye kigoda akisoma, na kwa kuwa sisikii nilimwangalia usoni tu, halafu nikaona si vizuri nikaangalia kuku. Hakuniambia atajibu nini. Alinipa ugali, alinipakulia mafungu mawili, akacheka kidogo.

Nilimwomba radhi kwa sababu madini yale ni yangu. Akaniandikia kwenye kikaratasi: "Wewe ulitengeneza gari." Nimekiweka kikaratasi hicho.

Herman nimemwambia ukweli wote, gari halikuungua. Akaniuliza kupitia Eunice kama bado nina hamu ya kutengeneza lingine. Nikasema sina. Patasi zangu nimempa fundi mmoja wa Januari Street, kijana wa watu anayejifunza, na nimemkataza risasi kabla hata ya kumkaribisha.

Majibu ya dada yako akiniletea nitayatuma bila kuyafungua.

Donatus

———

Tinde
28 Aprili 2024

Ndaki,

Barua yako Baba Eunice ameileta. Kwa kuwa hasikii, nililia kwa sauti bila aibu.

Nimefurahi kusikia ng'ombe waliobaki wanaona. Yule mwekundu je? Hukumtaja. Watoto wape dawa mpaka iishe, usiwaache njiani ukiona wamechangamka. Na mbuzi msichinje, watunzeni, mmepoteza wanyama wa kutosha.

Unasema wazee wamenisafisha. Waambie nimesikia. Mama yule aliyelia, mwambie nimemsamehe, nami pengine ningemnyima moto kama ningekuwa yeye. Mganga simlaumu sana, yeye hanijui, alikuja akaona macho mekundu akafanya kazi yake. Hao wote nimewamaliza moyoni, wala hainichukui muda.

Lakini sirudi. Nimejiuliza jambo moja tangu nifike hapa. Kama Baba Eunice angekufa mwaka jana, ni nani mwingine duniani alikuwa anajua kilichomo ndani ya fenda zile? Hakuna. Ningekuwa mchawi mpaka leo. Ungekuwa umekaa hapo uani unakunywa uji, umetulia, unajiambia uliniokoa.

Wewe umemwandikia Baba Eunice kwamba hukunitamkia neno baya. Amenionyesha, usimkasirikie, nilimwomba. Si kweli. Ulinitamkia. Nyumba yangu ilikuwa inavuja juu ya kitanda tangu masika yaanze, na wiki ile hakuna mtu aliyekuwa amenijibu salamu, nikakuona unakuja na ngazi begani. Nikasema moyoni, watu wote wamegeuka lakini huyu ndugu yangu hajawasikiliza, amekuja kunizibia paa. Ukaegemeza ngazi ukutani, ukaniambia, "Shika hapo." Nikashika. Ilikuwa inateleza kwenye tope, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili usije ukaanguka ukaumia. Bati la kwanza likadondoka nyuma ya nyumba, nikajua unatoa lile bovu. Likadondoka la pili. Likadondoka la tatu, mvua ikaanza kuingia ndani, na mimi bado nimeishika. Niliishika mpaka ulipomaliza zote ukashuka salama, Ndaki.

Dada yako,
Mageni